SIMU YA MKONONI NA AMANA YA MALI

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wao kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baada ya hayo.

UTANGULIZI



Wakubwa wetu wanakumbuka jinsi mzazi alivyompelekea mwanawe ada ya shule. Alifunga noti ndani ya bahasha, akaandika jina juu yake, akamkabidhi dereva au kondakta wa basi, kisha akabaki akiomba dua ifike. Mara nyingine ilifika, mara nyingine ilifika pungufu, na mara nyingine haikufika kabisa. Leo mama anakaa jikoni kwake, anabonyeza simu, na kabla sufuria haijachemka mtoto aliye mkoa wa mbali ameshapokea. Hii ni neema, na neema hushukuriwa kwa kutumiwa vizuri.

Lakini ndugu msomaji, kila neema ina mtihani wake. Siku hizi hata michango ya madrasa yetu, ada za wanafunzi, sadaka za futari na posho za walimu vinapita katika simu. Mali ya mayatima inapita humo, na zaka pia. Kwa hiyo elimu ya kulinda simu imekuwa sehemu ya elimu ya kulinda amana, na amana ni jambo la dini. Katika makala haya nitaeleza, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, pesa ya simu inafanya kazi vipi, hatari zake ziko wapi, na Muislamu ana wajibu gani katika mali yake na mali ya wenzake.

KUPELEKA MALI MBALI SI JAMBO GENI

Baadhi ya watu hudhani kwamba kutuma pesa bila kubeba pesa ni uvumbuzi mpya. Sivyo. Wafanyabiashara wa Kiislamu wa zamani walikuwa na suftaja: mtu anatoa dirhamu zake katika mji mmoja, anaandikiwa barua, kisha anakwenda kuzichukua katika mji mwingine, ili asibebe mali njiani akaporwa. Imepokewa katika vitabu vya fikihi kwamba Abdullah bin Zubeir (r.a.) alikuwa akichukua dirhamu za watu pale Makka, kisha akiwaandikia barua kwa ndugu yake Mus'ab aliyekuwa Iraq, nao huzipokea kwake. Ukiitazama utaona ni jambo lile lile la leo, isipokuwa barua imekuwa ujumbe wa simu.

Katika nchi zetu huduma hii ilianza kuenea mwaka 2007, pale M-Pesa ilipoanzishwa Kenya. Mwaka uliofuata, 2008, ikaingia Tanzania, na baadaye makampuni mengine ya simu nayo yakaanzisha za kwao. Vijana wengi wanaosoma jarida hili wamezaliwa wakaikuta.

PESA YA SIMU IKO WAPI?

Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa darasa la tano swali hili. Mmoja akasema pesa iko ndani ya simu. Mwingine akasema iko ndani ya laini. Wote wawili hawakupata.

Pesa haimo ndani ya simu wala ndani ya laini. Kilichopo ni hesabu iliyoandikwa katika mitambo ya kampuni: fulani ana kiasi kadhaa. Fedha zenyewe huwekwa benki katika akaunti maalumu ya amana, mbali na fedha za kampuni, na Benki Kuu ndiyo inayosimamia. Hapa Tanzania jambo hili liko chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Wakala wa mtaani naye ana vitu viwili: pesa taslimu kwenye droo na floti kwenye simu yake. Ukitoa, floti yake inaongezeka na taslimu inapungua. Ukiweka, inakuwa kinyume chake.

Kutokana na maelezo haya tunapata mambo mawili muhimu. La kwanza, simu ikianguka baharini pesa yako haijazama nayo. Utakwenda na kitambulisho chako, utarudishiwa laini, na hesabu yako utaikuta. La pili, mtu akiwa na laini yako pamoja na namba yako ya siri, mitambo haiwezi kumtofautisha na wewe. Mashine haijui sura wala sauti. Inajua laini na tarakimu. Kwa hiyo mlango wa mali yako una funguo mbili tu, na ufunguo mmoja umo kichwani mwako.

YALIYONIKUTA MWENYEWE

Ndugu msomaji, sitaki kukufundisha jambo hili kana kwamba mimi nilizaliwa nikilijua. Nitakueleza yaliyonikuta, ingawa nayaona haya, kwa sababu huenda mmoja wenu akaokoka kwa ajili yake.

Ilikuwa Januari 2020. Mnakumbuka wakati ule laini zote Tanzania zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, na tarehe ya mwisho ilikuwa imesogezwa kutoka Desemba 31 hadi Januari 20. Watu walikuwa wamepanga foleni kila mahali, na kila mmoja alihofia kufungiwa laini. Wakati huo huo mimi nilikuwa nimekusanya michango ya wazazi kwa ajili ya kununua juzuu na misahafu. Watoto walikuwa 31, kila mmoja shilingi 6,000, jumla shilingi 186,000. Zote zilikuwa katika laini yangu.

Alasiri moja nikiwa nasomesha, simu ikalia. Mtu mwenye sauti ya upole akanisalimia, akanitajia majina yangu matatu bila kukosea, akasema anapiga kutoka huduma kwa wateja na kwamba usajili wangu haujakamilika, laini itafungwa jioni ile. Akaniomba namba nyingine ili tuendelee kuzungumza huku nikibonyeza simu ile yenye laini. Nikaazima simu ya mwalimu mwenzangu. Akaniuliza salio langu ili ahakikishe kuwa mimi ndiye mwenyewe, nikamtajia. Kisha akaanza: bonyeza moja, bonyeza tena moja, weka namba hii ya uhakiki, weka na tarakimu hizi, sasa thibitisha kwa namba yako ya siri, wala usinitajie mimi, ni siri yako. Watoto walikuwa wakipiga kelele, simu moja iko sikioni na nyingine mkononi. Nikathibitisha.

"Namba ya uhakiki" ilikuwa namba yake ya simu. "Tarakimu hizi" kilikuwa kiasi alichokuwa ametaka kuchukua, akakipima na salio nililomtajia mwenyewe ili na makato yatoshe. Ujumbe ulipoingia kwamba nimetuma shilingi 186,000 kwa mtu nisiyemjua, yeye alikuwa ameshakata simu. Nilipopiga huduma kwa wateja ya kweli, pesa ilikuwa imeshatolewa.

Je, majina yangu aliyajuaje? Nilikuja kuelewa baadaye. Mtu yeyote akianza kukutumia pesa, kabla hajathibitisha skrini humwonesha jina lako. Tapeli anaanza muamala, anasoma jina, anauacha, kisha anakupigia. Kwa hiyo mtu kukujua jina si dalili kwamba ni wa kampuni.

JE, NILIPASWA KULIPA?

Nilikwenda kwa mwalimu wangu nikamweleza, na moyoni nilikuwa na hoja yangu: mimi ni mwenye amana, nimeibiwa, na mwenye amana akiibiwa halipi. Hoja hii ina asili katika fikihi. Maulamaa wamesema kwamba wakala, yaani mtu uliyemkabidhi akufanyie jambo, ni amini. Mali ikipotea mikononi mwake bila kosa lake hadai­wi. Lakini wamesema pia kwamba analipa ikiwa amefanya taadi, yaani amevuka mipaka aliyowekewa, au tafriti, yaani amezembea katika kuilinda.

Mwalimu wangu hakunihutubia. Aliniuliza swali moja tu: "Kabla hujaweka namba ya siri, uliisoma skrini?"

Nikasema, "Sikuisoma."

Akasema, "Basi lipa, mwanangu."

Nililipa kwa awamu tatu za shilingi 62,000, mwisho wa Januari, mwisho wa Februari na mwisho wa Machi. Wazazi kadhaa waliniambia wamenisamehe, Mwenyezi Mungu awalipe kheri, lakini nilitaka watoto wapate juzuu zao. Zilichelewa, na wapo waliosoma kwa kuchangia juzuu moja watu watatu kwa muda wote huo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi kuliko pesa.

Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba akabidhiwe hazina za nchi, alijieleza kwa sifa mbili: kwamba ni mlinzi na kwamba ni mjuzi (Surat Yusuf, aya ya 55). Zizingatieni sifa hizi. Mimi nilikuwa nimekusudia kulinda, lakini sikuwa na ujuzi wa kitu nilichokuwa nalindia. Uaminifu peke yake haukutosha.

NAMBA YA SIRI NI SAINI

Wengi tumefundishwa kwamba usimtajie mtu namba yako ya siri. Ni kweli, lakini mmeona mimi sikumtajia mtu. Kwa hiyo lazima tuongeze jambo: namba ya siri ni saini yako. Kila unapoiweka umetia saini kwamba yaliyoandikwa pale juu umeyasoma na umeyakubali. Hakuna mtu mwenye akili anayetia saini karatasi aliyofunikwa macho.

Basi shika haya:

a) Kabla ya kuweka namba ya siri soma mambo matatu: jina la anayepokea, kiasi, na aina ya muamala. Usipoyaelewa, ghairi. Kughairi hakuna gharama.

b) Usifanye muamala wowote huku unaongozwa na mtu kwenye simu. Kampuni haihitaji ubonyeze chochote ili "kuhakikiwa". Mtu akikwambia bonyeza, wewe bonyeza kitufe cha kukata.

c) Usitumie mwaka wa kuzaliwa, wala 1234, wala tarakimu nne za mwisho za namba yako. Hayo ndiyo mambo ya kwanza kujaribiwa na mwizi, na mwaka wako wa kuzaliwa upo kwenye kitambulisho ambacho huenda kimo kwenye pochi moja na simu.

d) Alama ya kidole nayo ni saini. Msajili wa laini akikwambia "rudia, haijashika" mara nne au tano, huenda anasajili laini nyingine kwa jina lako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa kampuni husika ifungwe.

NJIA ZINAZOTUMIWA NA MATAPELI

Njia ni nyingi na hubadilika, lakini mizizi yake ni michache. Tapeli hutumia haraka, hofu, tamaa au huruma. Ukiona moja kati ya hizi nne inasukuma mkono wako, simama.

1. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Ujumbe huu kila Mtanzania ameshaupata. Watu huucheka, wakauliza nani atadanganyika. Lakini tapeli hautumi kwa mtu mmoja. Anautuma kwa maelfu. Kati ya hao lazima awepo mmoja ambaye asubuhi ile ameahidi kumtumia mwenye nyumba kodi au mzazi matibabu. Huyo atadhani ni ujumbe aliokuwa akiungojea. Qur-ani Tukufu katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha tuchunguze habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukajuta. Kuchunguza kwa leo ni kupiga simu kwenye namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, ukasikia sauti ya mwenyewe. Ndivyo hivyo hivyo rafiki yako akikuomba mkopo kupitia WhatsApp: huenda akaunti yake imeshaibiwa, na anayeandika si yeye.

2. Ujumbe wa uongo wa "umepokea". Tapeli anakuandikia ujumbe unaofanana na wa kampuni kwamba umepokea shilingi 50,000, kisha anapiga akilia kwamba amekosea, umrudishie. Wenye maduka hutapeliwa hivi kila siku: mteja anaonesha ujumbe kwenye simu yake, anabeba mchele anaondoka. Dawa yake ni kutazama salio lako wewe, kwa simu yako wewe. Usiuamini ujumbe hata ukiwa na jina la kampuni, iamini hesabu.

3. Kuhamishwa kwa laini. Mwizi anafanikiwa kupata laini mpya yenye namba yako. Dalili yake ni kwamba simu yako inakosa mtandao ghafla wakati wenzako wa mtandao huo huo wanapata. Usingoje mpaka kesho. Tafuta simu nyingine upige huduma kwa wateja, waizuie akaunti.

4. Zawadi, ajira na utajiri wa haraka. "Umeshinda, tuma ada ya kupokelea." Kitu cha bure hakina ada. Na wanaoahidi kwamba weka 20,000 baada ya siku tatu utapata 60,000 bila kazi, ndugu zangu, hata kama isingekuwa utapeli ni lazima uulize faida hiyo inatoka wapi kisheria ya dini.

Hapa niwaonye vijana. Wapo wanaotoa laini zilizosajiliwa kwa majina yao, wakampa mtu kwa shilingi elfu chache. Wanasema, mimi sijaiba. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui (Al-Maida, aya ya 2). Mama mjane akitapeliwa kupitia laini yenye jina lako, jina lako ndilo polisi watakaloanza nalo, na kesho Akhera utaulizwa kuhusu ile elfu chache.

PESA ILIYOKUJA KWA MAKOSA

Mtu akikosea tarakimu moja, pesa yake inaweza kuingia kwako. Wapo wanaosema, "Ni riziki, Mungu ameleta." Hii ni kauli ya hatari. Riziki ya halali haiji kwa kosa la mwenzako. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu mali iliyookotwa, alifundisha zitambuliwe alama zake na itangazwe mwaka mzima, akitokea mwenyewe apewe. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mali ambayo mwenyewe hajulikani, itakuwaje kwa mali ambayo mwenyewe jina na namba yake viko mbele ya macho yako? Hiyo ni amana mikononi mwako, na Mwenyezi Mungu ametuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe (An-Nisaa, aya ya 58).

Lakini namna ya kurudisha ina adabu yake. Usiitumie. Usiitoe. Wala usikimbilie kuituma kwa anayekupigia, kwa sababu mbili. Huenda salio lako halijaongezeka na ni ule ujumbe wa uongo. Na huenda pesa ni ya kweli, lakini mtumaji ameshaiomba kampuni imrudishie. Ukituma wewe na kampuni ikarudisha, utakuwa umelipa mara mbili. Njia salama ni kupiga huduma kwa wateja, ueleze kwamba pesa hii si yako, uwaambie waurudishe muamala. Mwambie na mwenyewe afanye hivyo hivyo. Mkweli atashukuru, tapeli atakasirika.

Na wewe ukikosea kutuma, piga mara moja. Kwa hapa Tanzania huduma kwa wateja ni namba 100. Jamaa zetu wa Kenya wanaotumia Safaricom huupeleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456. Dakika za mwanzo ndizo zenye matumaini, kwa kuwa pesa ikishatolewa taslimu kuirudisha ni kazi ngumu.

SIRI ZA WATU KATIKA MIAMALA

Uislamu umeiheshimu siri ya mtu. Tumekatazwa kuingia nyumba za watu bila kubisha hodi na kutoa salamu (An-Nur, aya ya 27), na tumekatazwa kupelelezana (Al-Hujurat, aya ya 12). Simu ya mtu leo ni kama nyumba yake. Ndani yake mna deni lake, mshahara wake, dawa anazonunua na ndugu anaowasaidia.

Basi tujiulize. Je, unaposimama kwa wakala unamchungulia aliye mbele yako? Je, wewe wakala, daftari lako lenye majina, namba na saini za watu umeliacha wazi juu ya meza kila mpita njia alisome? Katika lugha ya fikihi wakala ni amini, na jina hilo hilo limeandikwa kwenye bango la kibanda chako. Je, wewe mume au mke, unafungua ujumbe wa mwenzako kupekua salio? Mali ya mke ni yake katika sheria yetu, na kuaminiana hakujengwi kwa upekuzi.

Tujitazame na sisi wa misikitini na madrasa. Tunapokusanya michango kwenye kundi la WhatsApp, mara nyingi watu huweka picha ya ujumbe wa muamala. Picha ile ina jina, namba, na mara nyingine salio lililobaki. Kundi lina watu mia mbili, wengine huwajui. Mwenye 500,000 anaingia katika hatari ya riya na ya wezi. Mwenye 1,000 anaona haya, na pengine mwezi ujao hatatoa. Katika Al-Baqara, aya ya 271, tumefundishwa kwamba kuidhihirisha sadaka ni vizuri, lakini kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Kwa hiyo mweka hazina apokee, aandike katika daftari lake, ampe kila mtu risiti yake, kisha atangaze jumla peke yake. Na orodha ya wanaopewa zaka pamoja na namba zao isitiwe kabisa kwenye makundi. Kumsitiri mhitaji ni katika ihsani.

Serikali nazo zimelitambua jambo hili. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Lakini Muislamu hangoji sheria imshike mkono ndipo asitiri siri ya nduguye.

MTOTO, BIBI NA SIMU

Wazazi, tuna tabia ya kumtuma mtoto kwa wakala na simu mkononi, na namba ya siri imeandikwa kwenye kikaratasi. Wakala anaisoma, aliyesimama nyuma anaisikia, na mtoto amebebeshwa amana asiyoiweza. Kikipotea kitu tunampiga yeye, ilhali aliyezembea ni sisi. Kama ni lazima, nenda mwenyewe.

Nanyi wanafunzi, mara nyingi nyinyi ndio mnaosomea bibi na babu ujumbe wao na kuwatolea pesa. Hii ni ibada kubwa mkiifanya kwa uaminifu. Adabu yake ni hii: mpe simu aweke namba ya siri mwenyewe, nawe ugeuze uso. Akikutajia, isahau. Msomee kiasi chote kilichoingia pamoja na makato yote. Mia mbili unayobakiza ukadhani bibi hajui, bibi huenda hajui kweli, lakini Mola wake anajua.

YAKITOKEA, UFANYE NINI?

Kwanza, piga huduma kwa wateja hapo hapo. Pili, usifute ujumbe wowote. Andika saa, namba na kiasi. Tatu, nenda kituo cha polisi utoe taarifa; utapeli wa mitandao ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Nne, ujumbe wa kitapeli upeleke kwenye namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa kazi hiyo. Tano, kama mali ilikuwa ya watu, waambie siku ile ile. Usiifiche kwa aibu ukitumaini kuiziba kimya kimya, maana uongo mmoja utazaa wa pili.

Na kabla hayajatokea, andika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani, Al-Baqara 282, inazungumzia kuandikiana madeni na kuweka mashahidi, yawe madogo au makubwa. Wahenga nao wakasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Michango ya watu isichanganywe na pesa yako ya nyumbani katika laini moja. Tangu mwaka ule madrasa yetu ina laini ya peke yake, daftari la peke yake, na kila Alhamisi walimu wawili wanakaa pamoja kulinganisha daftari na salio.

HITIMISHO

Mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Akafundishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Simu zetu ndio ngamia wetu wa leo. Kusoma skrini, kuficha namba ya siri, kupiga simu kuhakikisha, kuandika daftari: hiyo ndiyo kamba. Baada ya hapo lililobaki ni la Mwenyezi Mungu.

Namuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atulindie mali zetu, atujaalie kuwa waaminifu katika mali za wenzetu, na awaongoze wale wanaokula jasho la watu wapate kutubia na kurudisha. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza pesa ya simu huhifadhiwa wapi, na kwa nini simu ikipotea pesa haipotei.

2. Taja tofauti ya taadi na tafriti. Toa mfano mmoja wa kila moja katika matumizi ya simu.

3. Shangazi yako ameingiziwa shilingi 30,000 asizozijua, na mtu anampigia akimtaka azirudishe upesi. Utamshauri afanye nini, hatua kwa hatua?

4. Kwa nini ni bora mweka hazina atangaze jumla ya michango kuliko jina na kiasi cha kila mmoja?

5. Ukifika nyumbani leo, piga *106# pamoja na mzazi wako katika simu yake. Je, namba zote mlizoziona mnazijua?

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.